Mipaka ya Mlipuko wa Gesi na Mivuke Inayowaka: Ufafanuzi wa Kisayansi na Maana Yake kwa Sera za Usalama Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya mipaka ya mlipuko, yaani kiwango cha chini na kiwango cha juu cha gesi au mvuke ambacho, kikichanganyika na hewa, huweza kushika moto. Inaonyesha namna dhana hiyo inavyoeleza ajali za mafuta na gesi zilizotokea katika nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, hususan zile ambapo watu wengi walikufa wakichota petroli iliyomwagika. Hoja kuu ni kwamba tahadhari nyingi zinazotolewa kwa umma huelekezwa kwenye kimiminika na kwenye miali ya moto, ilhali hatari iko katika mchanganyiko wa mvuke na hewa usioonekana, unaotambaa mbali na mahali mafuta yalipomwagika. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu umbali wa kuzuia watu, matundu ya hewa katika majengo, kazi za kuchomelea mapipa, na usanifishaji wa istilahi za Kiswahili za vipimo na maonyo.

Maneno muhimu: mipaka ya mlipuko, mvuke, petroli, gesi ya kupikia, methani, istilahi za usalama

1.0 Utangulizi

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tarehe 2 Julai 2010, tukio la namna hiyo hiyo lilitokea Sange, Kivu ya Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliokufa walizidi 200. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yaliingia katika mtaro unaopita kwenye makazi ya Sinai jijini Nairobi, na takribani watu 100 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, Tanzania, liliongezwa kwenye orodha hiyo kwa vifo vya zaidi ya watu 100.

Matukio haya manne yalitokea katika nchi tatu kwa muda wa takribani miaka kumi. Maelezo yanayotolewa baada ya kila tukio huelekea upande mmoja: umaskini uliowasukuma watu kuchota mafuta, ukaidi wa waliokataa kuondoka, au uzembe wa mtu mmoja aliyewasha kiberiti. Sababu za kijamii hazipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, maelezo hayo yanaacha swali moja bila jibu. Kwa nini watu hukaa kwa muda mrefu katikati ya petroli iliyomwagika bila kudhurika, kisha wote hufikiwa na moto katika muda wa sekunde chache, pamoja na wale waliosimama mbali wakitazama tu?

Jibu la swali hilo limo katika dhana ya mipaka ya mlipuko. Dhana hii si ngeni katika taaluma ya kemia na uhandisi. Ilianza kuchunguzwa kwa kina katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, ambako methani ilikuwa ikiua wachimbaji, na ilimwongoza Humphry Davy kubuni taa ya usalama ya wachimbaji mwaka 1815. Katika karne ya ishirini, Idara ya Migodi ya Marekani ilikusanya na kuchapisha vipimo vya mamia ya gesi na mivuke, na vipimo hivyo vingali msingi wa viwango vingi vya usalama duniani. Kinachokosekana katika ukanda huu ni dhana yenyewe kufika, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa watunga sera, askari wa barabarani, mafundi na wananchi.

2.0 Dhana za msingi

2.1 Mpaka wa chini na mpaka wa juu

Gesi inayowaka haiwezi kuwaka ikiwa peke yake. Inahitaji oksijeni, ambayo ni takribani asilimia 21 ya hewa. Lakini si kila mchanganyiko wa gesi na hewa unaowaka. Gesi ikiwa kidogo mno, joto linalotokana na chembe chache zinazoungua halitoshi kuwasha chembe za jirani, na moto hufa pale pale ulipoanzia. Mchanganyiko wa aina hiyo huitwa hapa mchanganyiko hafifu. Gesi ikiwa nyingi mno, oksijeni haitoshi, na moto pia hauwezi kusafiri. Huu ni mchanganyiko uliojaa kupita kiasi. Kati ya hali hizo mbili kuna eneo ambamo moto ukianzishwa hupita wenyewe katika mchanganyiko wote. Kiwango kinachoanzia eneo hilo ni mpaka wa chini wa mlipuko, na kinachokomea ni mpaka wa juu wa mlipuko. Vyote hupimwa kwa asilimia ya ujazo wa gesi katika hewa.

Jedwali la 1: Mipaka ya mlipuko ya baadhi ya gesi na mivuke katika hewa (thamani za kukadiria, katika joto na shinikizo la kawaida)

| Kitu | Mpaka wa chini (% ya ujazo) | Mpaka wa juu (% ya ujazo) | Uzito ukilinganishwa na hewa (hewa = 1) |
|---|---|---|---|
| Methani | 5 | 15 | 0.55 |
| Propani | 2.1 | 9.5 | 1.5 |
| Butani | 1.8 | 8.4 | 2 |
| Mvuke wa petroli | 1.4 | 7.6 | 3 hadi 4 |
| Mvuke wa mafuta ya taa | 0.7 | 5 | zaidi ya 4 |
| Mvuke wa ethanoli | 3.3 | 19 | 1.6 |
| Haidrojeni | 4 | 75 | 0.07 |

Thamani hizi hutofautiana kidogo kutoka jedwali moja hadi jingine kwa sababu hutegemea chombo cha kupimia, joto, shinikizo na, kwa mafuta, mchanganyiko wake halisi. Tofauti hizo hazibadilishi funzo la msingi: mipaka ya chini ni midogo sana. Kwa petroli, hewa ambayo asilimia 98.6 yake haina mvuke wowote tayari inaweza kushika moto.

2.2 Nukta ya kimweko

Kimiminika chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke unaotoka juu yake. Nukta ya kimweko ni joto la chini kabisa ambapo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kufikisha hewa iliyo juu yake kwenye mpaka wa chini wa mlipuko. Nukta ya kimweko ya petroli ni takribani nyuzi 40 za selsiasi chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna mahali katika Afrika Mashariki, wala saa yoyote ya usiku au mchana, ambapo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kutosha kuwaka. Nukta ya kimweko ya mafuta ya taa huanzia takribani nyuzi 38, na ya dizeli iko juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana njiti ya kiberiti ikitupwa kwenye dimbwi la dizeli lililopoa inaweza kuzimika, na mtu aliyeona jambo hilo akajenga imani ya uongo kuhusu petroli.

Mambo mawili ya ukanda huu yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni mwinuko. Shinikizo la hewa likipungua, nukta ya kimweko hushuka. Katika mji kama Nairobi, ulio takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mshuko huo hufikia takribani nyuzi 4, na miji mingine ya nyanda za juu iko katika hali inayokaribiana na hiyo. La pili ni uchakachuaji. Petroli kidogo ikichanganywa na mafuta ya taa, nukta ya kimweko ya mchanganyiko hushuka hadi kwenye joto la kawaida la chumba, na taa au jiko lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya taa hugeuka kuwa hatari katika nyumba ya mtu asiyejua alichonunua.

2.3 Uzito wa mvuke

Safu ya mwisho ya Jedwali la 1 ina uzito wa kisera kuliko inavyoonekana. Methani na haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa. Zikivuja hupanda na, zikipata upenyo, hutoweka. Propani, butani na mvuke wa petroli ni nzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa juu ya ardhi, hufuata mteremko kama maji, na hujikusanya katika mitaro, mashimo, vyumba vya chini ya ardhi na chini ya vitanda. Pasipo upepo, tabaka hilo hukaa muda mrefu bila kutawanyika.

2.4 Chanzo cha kuwashia

Kiasi cha nishati kinachohitajika kuwasha mchanganyiko ulio katikati ya mipaka yake ni kidogo mno. Kwa methani na propani ni takribani robo ya sehemu moja ya elfu ya juli. Kwa haidrojeni ni chini ya moja ya kumi ya hapo. Cheche ya umeme tuli inayotoka kwenye kidole cha mtu aliyevaa nguo za nailoni huweza kuwa na nishati mara nyingi zaidi. Swichi ya taa, mota ya jokofu, waya wa betri unaoguswa, pikipiki inayowashwa, au chuma kinachogongwa kwenye jiwe vyote vinatosha. Kwa hiyo, palipo na umati wa watu na mvuke ulio ndani ya mipaka, kutafuta nani aliyewasha moto ni jambo la uchunguzi wa polisi; kwa mtazamo wa kinga, chanzo cha kuwashia hakina budi kuhesabiwa kuwa tayari kipo.

3.0 Moto wa ghafla, mlipuko na kupasuka kwa chombo

Katika mazungumzo ya kila siku, neno "kulipuka" hutumika kwa matukio matatu yanayotofautiana kwa asili na kwa kinga yake.

La kwanza ni moto wa ghafla. Mchanganyiko ulio nje, mahali pa wazi, ukishika moto, mwali hupita ndani yake kwa kasi na kuunguza kila aliyemo, lakini shinikizo haliongezeki sana kwa sababu gesi moto ina nafasi ya kutanuka. Umati unaochota petroli kandokando ya barabara uko kwanza katika hatari ya aina hii. Watu huuawa kwa kuungua.

La pili ni mlipuko wenyewe. Mchanganyiko uleule ukiwa ndani ya chumba, pipa au mtaro uliofunikwa, gesi moto haina pa kutanukia. Katika chombo kilichofungwa kabisa, shinikizo huweza kufikia takribani mara nane ya shinikizo la kawaida la anga. Kuta za matofali zisizotiwa nondo huanguka kwa sehemu ndogo tu ya shinikizo hilo. Watu huuawa kwa kuangukiwa na jengo na kwa vipande vinavyoruka, pamoja na kuungua.

La tatu ni kupasuka kwa chombo kilichopashwa moto kutoka nje. Mtungi au lori la gesi likizungukwa na moto, gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani yake huchemka, shinikizo hupanda, na bati la chombo hulegea kwa joto hadi kuchanika. Kimiminika kilichobaki hugeuka gesi kwa mara moja na kuwaka kama mpira mkubwa wa moto. Hapa mipaka ya mlipuko haina nafasi kubwa. Kinachoamua ni muda ambao chombo kimekaa motoni.

Tofauti hizi zina matokeo ya moja kwa moja kwa maelekezo ya uokoaji. Kwa hali ya kwanza, kinga ni umbali na mwelekeo wa upepo. Kwa ya pili, ni kupitisha hewa na kutogusa swichi. Kwa ya tatu, ni kupoza chombo kwa maji kutoka mbali au kuondoka kabisa. Agizo moja la jumla, "ondokeni, mafuta yatalipuka", halimwambii msikilizaji aende upande gani wala umbali gani.

4.0 Petroli iliyomwagika: mahali hatari ilipo

Mvuke ulio juu ya dimbwi la petroli haulingani kila mahali. Karibu kabisa na uso wa kimiminika, katika joto la kawaida la ukanda huu, mvuke ni mwingi kupita mpaka wa juu. Mbali na hapo, au juu zaidi, ni mdogo kuliko mpaka wa chini. Kati ya sehemu hizo mbili kuna tabaka linaloweza kuwaka, na tabaka hilo husogea kadiri upepo unavyobadilika na mafuta yanavyozidi kutiririka. Mtu anayeinama kuchota anaweza kuwa amezungukwa na mvuke uliojaa kupita kiasi, huku ukingo unaoweza kuwaka ukiwa mita nyingi nyuma yake, karibu na pikipiki zilizoegeshwa. Moto huanzia kwenye ukingo huo na kurudi kwa kasi hadi kwenye dimbwi. Ndiyo sababu ya ukimya wa muda mrefu unaofuatwa na maangamizi ya sekunde chache: muda wote huo wingu lilikuwa likikua na kutafuta chanzo cha kuwashia.

Makadirio rahisi yanasaidia kuona ukubwa wa wingu hilo. Lita 1 ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke, hutosha kufikisha takribani mita za ujazo 13 za hewa kwenye mpaka wa chini. Iwapo lori litamwaga lita 1,000, ambazo ni sehemu ndogo ya shehena ya kawaida, na moja ya kumi tu ya kiasi hicho ikageuka mvuke, patapatikana mita za ujazo 1,300 za mchanganyiko unaoweza kuwaka. Zikitandazwa kwa kina cha nusu mita, yaani kufikia magotini, zitafunika mita za mraba 2,600, zaidi ya theluthi moja ya uwanja wa mpira wa miguu. Kila aliyesimama katika eneo hilo, awe amechota au hajachota, yumo ndani ya moto utakaotokea.

Harufu haitoi msaada hapa. Pua ya mwanadamu hunusa petroli ikiwa katika viwango vya chembe chache kwa milioni, ilhali mpaka wa chini wa mlipuko ni chembe 14,000 kwa milioni. Petroli hunukia mapema mno, muda mrefu kabla ya hatari, na pua huizoea upesi. Aliyezoea harufu ya kituo cha mafuta hana namna ya kutofautisha kwa kunusa kati ya hewa isiyo na madhara na hewa iliyo tayari kuwaka.

Tukio la Sinai linaongeza sura nyingine. Petroli ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo. Ikiingia mtaroni huelea na kusafiri juu ya maji, huku mvuke ukijaza nafasi iliyobaki. Mtaro unaopita katikati ya makazi hugeuka njia ya kupeleka hatari kutoka mahali pa uvujaji hadi kwenye milango ya watu ambao hawakujua kuwa kuna kilichovuja. Upimaji wa umbali salama kutoka kwenye bomba kwa mstari ulionyooka hautoshi ikiwa ramani ya mitaro haikuzingatiwa.

Mwongozo wa dharura unaotumiwa na waokoaji wa Marekani, Kanada na Meksiko huelekeza kwamba kimiminika cha aina ya petroli kikimwagika, watu wazuiwe kufika ndani ya mita 50 kila upande. Mmwagiko ukiwa mkubwa, ifikiriwe kuwahamisha walio upande upepo unakoelekea hadi mita 300. Na lori likiwa motoni, umbali uwe mita 800 kila upande. Kwa gesi ya kupikia, umbali wa mwanzo ni mita 100, na lori la gesi likiwa motoni ni mita 1,600. Takwimu hizi haziwezi kunakiliwa bila kuzingatia msongamano wa makazi ya ukanda huu, lakini zinatoa kipimo cha kuanzia, na zinaonyesha jinsi utepe uliofungwa hatua kumi kutoka kwenye lori ulivyo mbali na uhalisia wa wingu la mvuke.

5.0 Gesi ya kupikia na gesi asilia: mahitaji mawili tofauti

Serikali za ukanda huu zinahimiza wananchi kuacha kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania wa 2024 hadi 2034 umelenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Faida za kiafya na kimazingira za mwelekeo huo ni kubwa. Pamoja nazo, mamilioni ya mitungi itaingia katika nyumba zenye vyumba vidogo, na vituo vya kuhifadhi na kujaza gesi vitazidi kusogea karibu na makazi. Mlipuko wa gesi uliotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ulioua watu kadhaa na kujeruhi zaidi ya 200, unaonyesha gharama ya ujirani huo.

Mtungi mdogo wa kilo 6 una gesi ambayo, ikitoka yote, huwa takribani mita za ujazo 2.9. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye urefu wa mita 2.5 kwenda juu, kina mita za ujazo 30. Kukifikisha chumba chote kwenye mpaka wa chini wa takribani asilimia 2 kunahitaji kilo 1.25 hivi za gesi, yaani takribani moja ya tano ya mtungi. Lakini gesi hii haisambai sawasawa, hukaa chini. Ikijikusanya katika nusu mita ya chini ya chumba hicho, gramu 250 zinatosha. Mtungi unaovuja usiku kwa sababu ya regulata iliyolegea au mpira wa gesi uliochakaa hauhitaji kumalizika ili chumba kiwe tayari kulipuka.

Tofauti na petroli, gesi ya kupikia hutiwa harufu kwa makusudi, na viwango vinavyotumika katika nchi nyingi hudai kwamba inukie kabla haijafikia moja ya tano ya mpaka wa chini. Hapa harufu ni onyo la kweli, ila tu kwa mtu aliye macho na ambaye pua yake iko karibu na mahali gesi ilipo. Aliyelala kitandani anaweza kuwa juu ya tabaka la gesi bila kunusa kwa wakati.

Gesi asilia ina tabia iliyo kinyume. Sehemu yake kubwa ni methani, kama ilivyo gesi ya Songo Songo inayotumika Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ikivuja hupanda darini. Tundu la hewa lililo karibu na sakafu, ambalo ni kinga kwa mtumiaji wa mtungi, halimsaidii mtumiaji wa gesi asilia. Huyo anahitaji tundu lililo juu. Hali ni hiyo hiyo kwa kifaa cha kugundua gesi: kwa mtungi hufungwa karibu na sakafu, kwa gesi asilia hufungwa karibu na dari. Kanuni ya ujenzi inayosema tu kwamba "jiko liwe na matundu ya hewa ya kutosha" haijasema jambo lililo muhimu kuliko yote, yaani mahali pa tundu.

Ziwa Kivu, lililo kati ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, linaonyesha kwamba hata mipaka ya mlipuko haielezi kila hatari. Katika vina vyake mmeyeyuka takribani kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksaidi. Methani huchimbwa kwa ajili ya umeme, na palipo na mitambo sheria za Jedwali la 1 zinatumika. Kaboni dioksaidi haiwaki kabisa, lakini ni nzito kuliko hewa na huua kwa kukosesha pumzi, kama ilivyotokea kwenye Ziwa Nyos nchini Kameruni tarehe 21 Agosti 1986, walipokufa takribani watu 1,700. Kifaa kilichowekwa kugundua methani hakitatoa onyo lolote dhidi yake.

6.0 Hatari ya chombo "kitupu"

Kinyume na matarajio, pipa lililojaa petroli na kufungwa ni salama zaidi dhidi ya mlipuko wa ndani kuliko pipa lililomiminwa. Ndani ya lililojaa, mvuke umepita mpaka wa juu. Likimiminwa, hewa huingia, na mchanganyiko hushuka hadi ndani ya mipaka. Pipa la lita 200 linahitaji lita 2.8 tu za mvuke ili kufikia mpaka wa chini. Kiasi hicho hutokana na takribani mililita 15 za petroli, yaani kijiko kimoja cha chakula. Mabaki hayo yanaweza kujificha katika mkunjo wa bati au chini ya kutu, yasionekane kwa mtu anayechungulia ndani.

Katika miji mingi ya ukanda huu, mapipa yaliyotumika hukatwa ili kutengenezea majiko, matangi na milango, na matangi ya magari huchomelewa kando ya barabara. Fundi anayeona chombo kikavu huamini kuwa ni kitupu. Kinga haihitaji mitambo ya gharama: kuosha kwa maji moto na sabuni, kisha kujaza chombo maji hadi karibu na sehemu ya kuchomelewa, huondoa nafasi ya mchanganyiko. Viwandani, hewa iliyo ndani hubadilishwa kwa nitrojeni au kaboni dioksaidi, kwa sababu mivuke mingi ya mafuta haiwezi kuwaka oksijeni ikiwa chini ya takribani asilimia 11.

7.0 Lugha ya vipimo na ya onyo

Suala la istilahi katika uwanja huu si la ufasaha peke yake. Vifaa vingi vya kugundua gesi huonyesha kiwango kama asilimia ya mpaka wa chini wa mlipuko, na mpaka huo huandikwa kwenye kioo kwa herufi LEL. Kifaa kinachosoma 10 kwa methani kinamaanisha moja ya kumi ya mpaka wa chini, yaani asilimia 0.5 ya ujazo wa hewa. Ni kiwango cha kutoa tahadhari na kuchunguza chanzo. Taarifa hiyo ikitolewa kwa Kiswahili kama "gesi ni asilimia 10", msikilizaji ana haki ya kuelewa asilimia 10 ya ujazo. Kwa methani, kiwango hicho kiko karibu kabisa na uwiano kamili wa takribani 9.5 ambapo mlipuko huwa mkali zaidi. Maneno mawili yaliyoachwa yanatenganisha hali ya kuchunguza na hali ya kukimbia, kwa tofauti ya mara ishirini.

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili. Vifaa vinavyopima kwa kuunguza gesi ndani yake huhitaji oksijeni. Vikiingizwa mahali ambapo gesi imepita sana mpaka wa juu, vinaweza kusoma kidogo au sifuri. Mwongozo wa Kiswahili unaosema "kikisoma sifuri, ingia" bila kutaja sharti la kupima oksijeni kwanza ni mwongozo wa hatari.

Kwa upande wa umma, neno "mvuke" lenyewe lina tatizo. Katika matumizi ya kila siku, mvuke ni kitu kinachotoka kwenye sufuria inayochemka: ni moto, huonekana, na hupanda juu. Mvuke wa petroli una sifa tatu zilizo kinyume: ni baridi, hauonekani, na hushuka chini. Onyo linalosema "epuka mvuke wa petroli" kwa hiyo hujenga picha isiyo sahihi hata kwa msomaji makini. Vivyo hivyo, neno "gesi" kwa wengi ni mtungi wa kupikia, hivyo petroli haihesabiwi kuwa inatoa kitu cha aina ya gesi. Onyo linalofaa linahitaji kubeba sifa zenyewe kwa maneno ya kawaida: petroli hutoa hewa isiyoonekana inayotambaa chini na kuwaka kutoka mbali.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Mipaka ya mlipuko inafundisha kwamba kiasi kidogo cha mvuke kinatosha, kwamba kiasi hicho hakionekani, na kwamba mahali moto unapoanzia mara nyingi si mahali mafuta yalipo. Katika umati, oksijeni ipo na chanzo cha kuwashia hakizuiliki. Kinachobaki mikononi mwa mamlaka ni umbali kati ya watu na wingu, na muda unaotumika kuuweka. Kutokana na ufafanuzi huo, mambo yafuatayo yanapendekezwa.

Kwanza, askari wa barabarani na viongozi wa serikali za mitaa, ambao kwa kawaida hufika kabla ya vikosi vya zimamoto, wapewe kipimo cha umbali kwa mita kwa kila aina ya shehena, pamoja na agizo la kuzingatia upepo, mteremko na mitaro. Pili, kanuni za ujenzi na za nishati safi zitaje mahali pa matundu ya hewa na vifaa vya kugundua gesi kulingana na aina ya gesi. Tatu, ramani za mabomba ya mafuta zioanishwe na ramani za mitaro ya maji ya mvua na maji machafu katika miji. Nne, mafunzo ya ufundi stadi yajumuishe hatari ya chombo kitupu kama somo la lazima kabla ya fundi kushika kifaa cha kuchomelea. Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha na mashirika ya viwango ya nchi wanachama, isanifishe istilahi za mpaka wa chini, mpaka wa juu, nukta ya kimweko na vizio vyake, ili kipimo kilichosomwa Mombasa kieleweke vilevile Kigali, Bujumbura, Kampala, Goma na Dodoma.

Malori ya mafuta yanayotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam huvuka mipaka ya nchi kadhaa kabla ya kushusha shehena. Lori moja linaweza kupinduka katika nchi yoyote kati ya hizo, mbele ya watu wanaozungumza lugha moja. Haifai onyo lenye kuwaokoa liwe la namna moja upande huu wa mpaka na la namna nyingine upande wa pili.